Kompaila haiyaoni makapu yako: kuharakisha ugawaji wa kumbukumbu ndani ya kerneli

Swali: Shikamoo mwalimu. Ninaandika kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ndogo ya kujifunzia, kwa lugha ya C, kwa ajili ya prosesa za x86-64. Kigawaji changu cha kumbukumbu kina makapu kumi, kila moja la vipande vya ukubwa mmoja, kuanzia baiti 8 hadi 4096. Fanksheni yangu `gawa()` inazunguka kwenye kitanzi mpaka ikute kapu la kwanza linalotosha. Karibu kila ninapoiita, ukubwa ninaoomba ni `sizeof` ya muundo fulani, yaani namba inayojulikana kabla programu haijaanza. Lakini nikifungua asembli, yaani maagizo ya mashine yaliyotolewa na kompaila, nakuta kitanzi bado kipo. Nimejaribu `-O3` (uboreshaji wa juu), nimeweka `inline` (ombi la kunakili mwili wa fanksheni pale inapoitwa), na nimeyawekea makapu `volatile` kwa usalama. Kerneli imenenepa na kasi haijaongezeka. Nifanyeje ili kompaila inisaidie, bila kuandika asembli kwa mkono?

Jibu: Marahaba. Umenifurahisha kwa jambo moja: umefungua asembli ukaangalia. Wengi hubadilisha swichi za kompaila usiku kucha bila kutazama kilichotoka. Hisia yako ni sahihi kabisa. Namba ikishajulikana wakati wa kukompaili, kuchagua kapu si kazi ya kurudiwa kila mara mashine inapokimbia. Tatizo ni kwamba kuna unachokijua wewe ambacho kompaila hujaiambia.

Kwa maelezo yako, msimbo wako unafanana na huu:

```c
void *gawa(size_t ukubwa, unsigned bendera)
{
    for (int i = 0; i < 10; i++)
        if (ukubwa <= makapu[i].ukubwa)
            return chukua(&makapu[i], bendera);
    return gawa_kurasa(ukubwa, bendera);
}
```

Tazama sharti lililo ndani ya kitanzi. Upande wa kushoto una `ukubwa`, nao unajulikana. Upande wa kulia una `makapu[i].ukubwa`, ambao unasomwa kutoka kwenye kumbukumbu na hujazwa wakati kerneli inawaka. Wewe unajua kwamba kapu namba 5 ni la baiti 256 na litabaki hivyo milele. Kompaila haijui. Kwa inavyoona yenyewe, fanksheni yoyote iliyo katika faili jingine inaweza kuandika humo thamani nyingine wakati wowote, kwa hiyo inalazimika kwenda kusoma. Ndiyo maana `inline` haikukusaidia: ulichofanya ni kunakili kitanzi kizima kila mahali `gawa()` inapoitwa. Kama una miito mia mbili, sasa una vitanzi mia mbili. Unene ulioona ndio huo. `-O3` ikaongezea wa kwake, kwa kuwa hupenda kukunjua vitanzi.

Nayo `volatile` ikakaza fundo zaidi. Neno hilo linaiambia kompaila kwamba kila kusoma na kila kuandika lazima kufanyike hasa, kwa mpangilio ule ule, bila kukumbuka thamani iliyokwisha kusomwa. Ni neno la rejista za vifaa. Ulinzi wa makapu yako dhidi ya prosesa nyingine unatoka kwenye kufuli, na kufuli iliyoandikwa vizuri tayari inaizuia kompaila kuhamisha usomaji nje ya mipaka yake. Iondoe `volatile` leo hii. Pale unaposoma kwa makusudi bila kufuli, weka alama kwenye usomaji huo mmoja tu, kama Linux inavyofanya kwa `READ_ONCE()`.

Sasa dawa. Ukubwa wa makapu uhamie kutoka kwenye data kwenda kwenye msimbo, na uamuzi uhamie kutoka faili la `.c` kwenda kwenye faili la heda, mahali ambapo kila mwitaji anauona:

```c
#define LAZIMA_NDANI inline __attribute__((always_inline))

static LAZIMA_NDANI int namba_ya_kapu(size_t u)
{
    if (u <= 8)    return 0;
    if (u <= 16)   return 1;
    if (u <= 32)   return 2;
    if (u <= 64)   return 3;
    if (u <= 128)  return 4;
    if (u <= 256)  return 5;
    if (u <= 512)  return 6;
    if (u <= 1024) return 7;
    if (u <= 2048) return 8;
    return 9;
}

static LAZIMA_NDANI void *gawa(size_t u, unsigned b)
{
    if (__builtin_constant_p(u)) {
        if (u > 4096)
            return gawa_kurasa(u, b);
        return chukua(&makapu[namba_ya_kapu(u)], b, u);
    }
    return gawa_polepole(u, b);
}
```

Ukiuangalia kwa mara ya kwanza, msimbo huu unaonekana mzito kuliko wa mwanzo: mlolongo mzima wa `if` unaoingizwa kila mahali. Lakini fuatilia mwito mmoja. Tuseme `struct mchakato` ina baiti 200. `__builtin_constant_p(200)`, inayouliza kompaila kama namba inajulikana tayari, ni kweli, basi tawi la polepole linafutwa. 200 haizidi 4096, basi tawi la kurasa nalo linafutwa. Masharti ya 8, 16, 32, 64 na 128 yote ni uongo, la 256 ni kweli, jibu ni 5. Kinachobaki katika asembli ni maagizo manne: anwani ya `makapu[5]` inawekwa kwenye rejista ya kwanza, bendera (namba inayoeleza aina ya ombi) kwenye ya pili, 200 kwenye ya tatu, kisha `call`. Hakuna kitanzi, hakuna sharti, hakuna kusoma kumbukumbu ili kuchagua kapu.

Linux imejengwa hivi hivi. `kmalloc()` yake, fanksheni ya kugawa kumbukumbu, ni kipande chembamba ndani ya heda kinachouliza kama ukubwa ni thabiti. Ukiwa thabiti, `kmalloc_index()` hugeuka namba moja wakati wa kukompaili. Makapu yake yana nyongeza mbili ambazo ningekushauri uziige ukishazoea, la 96 na la 192. Muundo wa baiti 70 ukitupwa kwenye kapu la 128 unapoteza karibu nusu ya nafasi, na makapu hayo mawili yanapunguza hasara hiyo mahali inapouma zaidi.

Huenda unajiuliza kwa nini nimeandika `always_inline` badala ya `inline` tupu. Kwa kompaila, `inline` ni ombi tu. GCC hupima ukubwa wa fanksheni kabla ya kuamua, na makisio yake yanaweza kuuona mlolongo wa `if` kuwa mrefu kuliko utakavyokuwa baada ya kufutwa. Ikikataa kuingiza, `u` inakuwa kigezo cha kawaida, `__builtin_constant_p` inajibu sifuri, na kila mwito unapita njia ya polepole kimyakimya. Programu itafanya kazi sawasawa, kasi ndiyo itakayopotea, na hakuna onyo utakalopewa. Kwa sababu hiyo hiyo mbinu hii inadai uboreshaji uwashwe: kwa `-O0`, `__builtin_constant_p` haioni kwamba kigezo cha fanksheni iliyoingizwa ni thabiti. Linux yenyewe haikompailiki kwa `-O0`, kwa kuwa imejaa mitego ya namna hii inayotegemea matawi mafu yafutwe.

Njia ya polepole nayo isidharauliwe, kwani ndiyo inayohudumia bafa ambazo urefu wake unatoka nje. Huko tumia hesabu ya biti badala ya kitanzi: kwa `u` iliyozidi 8, namba ya kapu ni `64 - __builtin_clzl(u - 1) - 3`, ambapo `__builtin_clzl` huhesabu biti za sifuri zilizotangulia. Jaribu kwa 200: 199 inachukua biti 8, toa 3, unapata 5. Jaribu kwa 9: 8 inachukua biti 4, toa 3, unapata 1. Usisahau kushughulikia 8 kushuka chini kabla ya hapo, maana ukiomba baiti 1 utampa `__builtin_clzl` sifuri, na matokeo yake kwa sifuri hayajafafanuliwa. Linux inachanganya njia mbili: jedwali dogo la baiti 24 kwa ukubwa usiozidi 192, halafu hesabu ya biti kwa unaozidi.

Bendera zinastahili uangalifu ule ule. Kama una bendera tatu zinazoelekeza ombi kwenye makapu ya pekee, usiziulize moja moja. Ziunganishe katika barakoa moja, uliza mara moja kama yoyote imewekwa, na njia ya kawaida ipite kwa sharti hilo moja.

Kisha kuna jambo la kujaza sifuri. Ukiiachia `chukua()` isafishe kumbukumbu, yenyewe haijui ukubwa mpaka wakati wa kuendeshwa, basi inaita `memset` ya jumla. Ukisafisha ndani ya heda, na muundo ni wa baiti 48, kompaila inaweza kuandika maneno sita ya baiti nane nane na kuachana na mwito kabisa. Zaidi ya hapo, ukijaza sehemu tatu za muundo mara baada ya kusafisha, inaweza kuona kwamba sifuri za sehemu hizo hazitasomwa na kuzifuta. Lakini hesabu gharama: maandishi hayo yanarudiwa kila mahali unapogawa, na ndani ya kerneli kwa kawaida tunakompaili bila rejista za vekta (`-mno-sse`), kwa hiyo muundo wa baiti 400 hautajazwa kwa maagizo machache. Mimi huweka kikomo cha baiti 64. Zaidi ya hapo naita `memset`.

Tufike sasa kwenye sifa (`__attribute__`), ahadi unazoipa kompaila kuhusu fanksheni, maana hapa ndipo msaada mkubwa uliko, na hatari pia.

Kompaila ikiona `p = chukua(...)`, haijui kwamba `p` ni kumbukumbu mpya. Tuseme unaandika hivi:

```c
p->hali = TAYARI;
foleni->urefu++;
if (p->hali == TAYARI) ...
```

Inabidi isome `p->hali` upya, kwa kuwa huenda `p` na `foleni` zinaelekeza mahali pamoja. Katika programu za kawaida tofauti ya aina za miundo ingeweza kuisaidia kukata shauri, ila kerneli nyingi, Linux ikiwemo, hukompailiwa kwa `-fno-strict-aliasing`, na msaada huo unaondoka. Sifa `malloc` inaziba pengo hilo: inaahidi kwamba pointa inayorudi haigongani na pointa nyingine yoyote iliyo hai. Sifa `alloc_size` inaahidi ukubwa. Hii ya pili huleta usalama kuliko kasi, kwa maana kupitia `__builtin_object_size` kompaila inaweza kukukatalia `memcpy` ya baiti 300 kwenye kitu cha 200 kabla kerneli haijawaka.

Sasa sikiliza kwa makini, maana hapa watu wengi hukwama. Usitegemee sifa uliyoibandika kwenye `gawa()` ya heda. Ikishaingizwa kwa mwitaji, mwito wa `gawa` haupo tena, na sifa huweza kuondoka nao. Zibandike kwenye fanksheni zinazobaki kuwa miito halisi:

```c
void *chukua(struct kapu *k, unsigned b, size_t u)
    __attribute__((malloc, alloc_size(3)));
```

Hiyo ndiyo sababu nilimpa `chukua` kigezo cha tatu. `chukua` inaweza isikitumie kabisa, lakini kipo ili `alloc_size(3)` iwe na kitu cha kuelekeza. Fanksheni ya Linux inayotoa kumbukumbu kwenye kapu lililokwisha kuchaguliwa nayo hupokea ukubwa kama kigezo cha tatu, na sifa ya ukubwa inaelekeza huko.

Kila sifa ni kiapo, na kompaila haichunguzi viapo vyako, inavijengea juu. Fanksheni yako ya kuongeza ukubwa wa kipande kilichopo usiiwekee `malloc`, hata ikirudisha pointa mpya. GCC inaichukua sifa hiyo kuwa ahadi pia kwamba ndani ya kumbukumbu inayorudi hamna pointa za vitu vilivyo hai, na kipande kilichonakiliwa kinaweza kujaa pointa. Ndiyo maana Linux ina makro mbili tofauti, moja ya ugawaji wenye `malloc` na nyingine ya `krealloc()` yenye ukubwa tu.

`alloc_size` nayo inakubana kwa namna yake. Ulisema baiti 200, kapu lina 256, na unajua kuna 56 zinazobaki mwishoni. Usiziguse. Katika Linux kulikuwa na msimbo uliouliza ukubwa halisi kwa `ksize()` kisha ukajaza nafasi ile ya ziada. Kompaila ilikuwa imeambiwa 200, na mwandishi alikuwa akifanya kazi kwa 256, na ukaguzi wa mipaka ukagongana na desturi hiyo. Mwaka 2022 Kees Cook, mmoja wa waandishi wa Linux, aliongoza kazi ya kusafisha sehemu hizo, na ikaletwa `kmalloc_size_roundup()`: ukitaka nafasi yote ya kapu, uliza kapu lina ukubwa gani kwanza, kisha omba ukubwa huo waziwazi. Huo ndio mtindo wa kufuata. Mwite kompaila shahidi wa ukweli mmoja tu.

Na `returns_nonnull`, ahadi kwamba pointa inayorudi si tupu (NULL)? Kwa kigawaji kinachoweza kushindwa, usiiweke kamwe. Kompaila itafuta kila `if (!p)` baada yake, kwa haki yake kabisa. Wanaotaka kuona jambo la namna hii linavyoumiza wakumbuke mwaka 2009, dosari iliyosajiliwa kama CVE-2009-1897 katika draiva ya tun (kifaa cha mtandao cha kuigiza) ya Linux. Msimbo ulisoma sehemu ya muundo kupitia pointa `tun`, kisha chini yake kidogo ukauliza kama `tun` ni NULL. GCC ikakata shauri: pointa imeshatumika, basi haiwezi kuwa NULL, na ukaguzi ukaondolewa. Aliyeweza kuweka ukurasa wake kwenye anwani sifuri alipata mlango wa kuingilia kerneli. Linux ikaanza kukompailiwa kwa `-fno-delete-null-pointer-checks`. Ongeza swichi hiyo kwenye kerneli yako, pamoja na `-fno-strict-aliasing`.

Kwa kuwa unaandika kerneli yako mwenyewe, kuna mtego mmoja ambao ulinila jioni mbili nzima. Niliziita fanksheni zangu `malloc` na `calloc`, majina yale yale ya maktaba, na `calloc` yangu iliita `malloc` kisha `memset` ya sifuri. Mashine ilikuwa inazima ghafla, steki imejaa. Asembli ndiyo iliyonionyesha: GCC inalitambua jina `malloc`, inajua kwamba `malloc` ikifuatwa na `memset` ya sifuri ni sawa na `calloc`, na ilikuwa imegeuza mwili wa `calloc` yangu kuwa mwito wa `calloc`. Ilikuwa inajiita yenyewe bila mwisho. Swichi `-ffreestanding`, inayosema hakuna maktaba ya kawaida, inaondoa dhana hiyo, na majina ya kwako kama `gawa` hayakumbwi nayo. Ila hata kwa `-ffreestanding`, GCC inategemea uwe na `memcpy`, `memmove`, `memset` na `memcmp`, na ukiandika `memset` kwa kitanzi cha C, kitanzi hicho kinaweza kutambuliwa na kugeuzwa mwito wa `memset`. Faili lenye fanksheni hizo nne likompaili kwa `-fno-tree-loop-distribute-patterns`.

Kuhusu `__builtin_expect`, inayoiambia kompaila jibu lipi la sharti linatarajiwa, nitasema machache. Iweke pale kapu linapokuwa tupu na ombi linaposhindwa, ili msimbo wa kwenda kutafuta kurasa mpya uwekwe kando ya njia kuu. Fanksheni ya kutafuta kurasa ipe sifa `cold` na `noinline`. Ukishafanya hivyo sehemu hizo mbili, zilizobaki ziache. Prosesa za sasa hukisia matawi vizuri kuliko sisi, na nimeona faili zilizojaa `unlikely` (makro ya Linux inayoitumia kusema "haitarajiwi") juu ya matawi yanayopitwa kila siku.

Pia ukigawa safu, usizidishe kwa `*` tupu. Tumia `__builtin_mul_overflow`, inayozidisha na kukuambia kama jibu limezidi uwezo wa namba. Namba zote mbili zikiwa thabiti, ukaguzi wote unayeyuka, na jibu linabaki kuwa thabiti kwa `gawa()`. Zisipokuwa thabiti, unalipa kuzidisha na sharti moja, bei ndogo sana ukilinganisha na bafa iliyogawiwa fupi kuliko inavyoandikwa.

Anza hivi: rudi `-O2`, ambayo Linux nayo huitumia kwa kawaida. Toa `volatile`. Hamisha `gawa()` kwenye heda kama nilivyoonyesha. Kabla na baada, endesha `nm --size-sort` kwenye kerneli na ulinganishe; kwenye msimbo wa Linux kuna skripti ya `bloat-o-meter` inayokufanyia ulinganisho huo fanksheni kwa fanksheni. Kisha kwa `objdump -d` tafuta miito ya `gawa_polepole`. Kila mmoja unaoukuta, rudi kwenye mstari wake wa C ujiulize kama ukubwa ule kweli haukujulikana. Ukikuta ulijulikana, mara nyingi utaona ulipitia fanksheni ndogo ya kati iliyo katika faili jingine, kwa mfano `unda_mchakato(size_t ziada)` inayoitwa na `ziada` ile ile kila mara. Hiyo ndiyo ya kuhamishia kwenye heda baada ya `gawa()`.